Shajara ya mradi: Seli ya saratani iliyonyimwa telomerasi huishi muda gani?

Wiki ya 1

Naandika swali kwanza, ili nikipotea nijue pa kurudi. Mwaka 1994 watafiti walipima telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, yaani vifuniko vya ncha za kromosomu, katika sampuli 101 za uvimbe wa binadamu, za aina 12 za saratani, wakaikuta ikifanya kazi katika sampuli 90. Katika sampuli 50 za tishu za kawaida hawakuikuta hata katika moja. Ni mara chache sana seli ya saratani na jirani yake kutofautiana waziwazi namna hiyo. Hata hivyo dawa ya kwanza ya kuzuia kimeng'enya hiki iliidhinishwa Marekani tarehe 6 Juni 2024, miaka 30 baadaye, tena kwa ugonjwa wa damu, si kwa uvimbe wa mapafu, wa ubongo wala wa titi. Kwa nini imekuwa vigumu hivi?

Sina maabara wala sifugi seli. Nilicho nacho ni kompyuta ya kawaida, lugha ya programu ya Python, na makala nilizozikusanya kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mradi huu ni wa hesabu: seli elfu kumi za saratani ndani ya kompyuta, kila moja na telomea zake, zigawanyike mzunguko baada ya mzunguko, kisha nizime telomerasi nione kinachotokea na kinatokea lini. Hilo "lini" ndilo ninalolifuata zaidi.

Maelezo mafupi kwa atakayesoma bila kuijua mada hii. Kila kromosomu ina ncha mbili, na kila ncha imefunikwa na telomea, yaani herufi sita za DNA, TTAGGG, zilizorudiwa mamia au maelfu ya mara. Mashine ya seli inayonakili DNA haiwezi kufika mwisho kabisa wa uzi, hivyo kila seli inapogawanyika ncha hupungua kidogo. Alexey Olovnikov aliliona tatizo hilo mwaka 1971 kwa kufikiri tu, na James Watson akaliandika mwaka uliofuata. Miaka kumi kabla ya Olovnikov, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walikuwa wameonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika takriban mara 50, halafu husimama. Kazi ya telomerasi ni kurudisha kile kinachopotea. Ina sehemu mbili za msingi: TERT, protini inayoandika DNA mpya, na TERC, uzi wa RNA wa nyukleotidi (herufi) 451 unaobeba kiolezo cha kuandikia. Seli nyingi za mwili hutengeneza TERC, lakini TERT zimeizima. Saratani huiwasha upya.

Kimeng'enya chenyewe kilionekana kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi ya mwaka 1984. Carol Greider, wakati huo mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn, alikuwa akichunguza Tetrahymena, kiumbe cha seli moja chenye makumi ya maelfu ya ncha za kromosomu. Napenda uchaguzi ule. Ukimtafuta fundi wa milango, nenda kwenye jengo lenye milango mingi.

Wiki ya 2

Toleo la kwanza limekimbia bila kukwama. Vigezo vyake: telomea ya wastani ina jozi za besi 4,000 (yaani herufi 4,000 za DNA, kila moja na mwenzake), kwa sababu seli nyingi za saratani zina telomea fupi kuliko tishu zinazozizunguka, kila mgawanyiko unapoteza jozi 60, na kikomo ni jozi 600, ambapo ncha haitambuliki tena kama ncha bali kama DNA iliyokatika. Ile 60 sikuibuni. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2009 vilionyesha kwamba katika seli za saratani ambazo urefu wa telomea zake umetulia, telomerasi huongeza takriban nyukleotidi 60 kwenye ncha nyingi katika kila mzunguko, na urefu hauwezi kutulia kama kinachoongezwa hakilingani na kinachopotea. Ile 600 ni uamuzi wangu, na nitaurudia kuupima.

Nikazima telomerasi. Seli zote elfu kumi zilikufa katika mzunguko wa 57, kwa mpigo mmoja, kama taa za nyumba umeme unapokatika. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: toa 600 kwenye 4,000, gawanya kwa 60. Grafu ilikuwa mstari mlalo, kisha ukuta.

Nilimtumia dada mmoja anayefuga seli za saratani maabara, aliyekubali kunisomea kazi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Kaka, mbona seli yako ina telomea moja?"

Wiki ya 3

Wiki yote imekwenda kwenye swali lake, na limestahili.

Seli ya binadamu ina kromosomu 46, kwa hiyo ncha 92. Nilikuwa nimeipa kila seli namba moja, wastani, nikidhani nimerahisisha kidogo tu. Kumbe nimefuta jambo lenyewe. Mwaka 2001 kundi la Greider lilitumia panya kuonyesha kwamba kinachoamua uhai wa seli ni telomea iliyo fupi kuliko zote. Seli inaweza kuwa na ncha 91 zenye afya. Ya 92 ikifichuka, mitambo ya kurekebisha DNA inakuja mbio ikidhani kuna mahali palipokatika, inajaribu kuunganisha, na kromosomu mbili zinashikana. Mgawanyiko unaofuata unazirarua.

Nimeandika upya. Sasa kila seli ina ncha 92, urefu wa kila moja unachaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye mtawanyiko wenye wastani wa 4,000 na mkengeuko sanifu wa 900. Ncha fupi kuliko zote katika seli ya kawaida ya mfano sasa inaangukia karibu na jozi 1,770. Wastani haujabadilika hata kidogo, lakini akiba ya kweli ya seli imeshuka kutoka jozi 3,400 hadi 1,170 hivi.

Matokeo: nusu ya nasaba za seli zimekufa kufikia mzunguko wa 21. Ukuta umetoweka, na mahali pake pana mteremko unaoanza taratibu kabla ya mzunguko wa 10, unazidi kuinama katikati, halafu unaburura mkia mrefu. Nasaba ya mwisho kati ya elfu kumi ilizimika karibu na mzunguko wa 37. Ule mkia umenikosesha usingizi. Hizo si seli sugu. Hazina badiliko lolote la jeni. Zilizaliwa tu na ncha zote 92 zikiwa ndefu kiasi, kama mtu aliyepata karata nzuri. Nikipanua hesabu hadi seli bilioni moja, ambazo ni takriban uvimbe wa sentimita moja ya ujazo, aliyebahatika kuliko wote anafika mzunguko wa 44.

Jambo moja la kuweka sawa. Utafiti wa mwaka 2012 kwenye seli za binadamu ulionyesha kwamba seli ya kawaida husimama kugawanyika inapokuwa na takriban ncha tano zilizofichuka, si moja. Nimeijaribu kanuni hiyo: nusu ya nasaba sasa zinafika mzunguko wa 32 hivi. Seli nyingi za saratani zimepoteza p53, mlinzi anayesikiliza kengele hiyo, kwa hiyo huenda zikapita hata hapo na kuendelea hadi kromosomu zivurugike kabisa. Nimeamua kubaki na kanuni kali ya ncha moja. Kwa njia hiyo naipa dawa nafasi bora iwezekanavyo, na shida yoyote nitakayoiona itakuwa kubwa zaidi katika uhalisia.

Wiki ya 5

Wiki ya 4 sikugusa kazi. Wiki hii nimeongeza ukuaji.

Katika chombo cha maabara karibu kila seli inayogawanyika inaacha watoto wawili hai. Ndani ya uvimbe sivyo: damu haifiki kila mahali, kinga inaua baadhi, nyingine zinajivuruga zenyewe. Nimeweka kwamba seli 4 kati ya 10 zinakufa kila mzunguko kwa sababu zisizohusiana na telomea. Uvimbe basi unakua mara 1.2 kwa mzunguko. Nikauanza na seli bilioni moja, nikazima telomerasi katika mzunguko wa 0, asilimia mia moja, bila kosa, dawa kamilifu ambayo haipo duniani.

Uvimbe ukaendelea kukua. Mzunguko wa 10 ulikuwa mara 5.7 ya ulivyoanza. Wa 15, mara 12. Ulifika kilele kati ya mzunguko wa 22 na 23, mara 21 ya ukubwa wa mwanzo. Halafu ukaanza kupungua, kwanza kama haupungui, kisha kwa kasi: mzunguko wa 30 mara 7, wa 34 ukarudi pale ulipoanzia, wa 40 ukabaki sehemu tatu tu kati ya elfu. Baada ya hapo hakuna kitu.

Nimeirudia mara sita kwa mbegu tofauti za bahati nasibu, yaani namba za kuanzishia bahati nasibu ya kompyuta. Umbo ni lile lile.

Kwa hiyo katika mfano huu dawa inaponya. Inaponya kabisa. Lakini mgonjwa lazima kwanza apite mahali ambapo uvimbe wake umekua mara ishirini na moja, na hakuna mgonjwa wa kupita hapo, wala daktari mwenye moyo wa kumwangalia akipita.

Nikakumbuka kanuni ambayo majaribio mengi ya saratani huitumia, ijulikanayo kama RECIST. Jumla ya vipenyo vya uvimbe ikiongezeka kwa asilimia 20 na kuendelea, ugonjwa unahesabiwa kuwa umesonga mbele, na kwa kawaida mgonjwa anatolewa kwenye dawa hiyo. Kipenyo kikikua mara 1.2, ujazo unakua 1.2 mara 1.2 mara 1.2, yaani mara 1.73 hivi. Uvimbe wangu unavuka hapo kati ya mzunguko wa 3 na wa 4.

Naandika tena ili niione vizuri. Kipimo kinatangaza kushindwa kwa dawa kabla ya mzunguko wa 4. Kazi yake inaonekana kwa macho baada ya mzunguko wa 23.

Wiki ya 6

Nimerudi kwenye makala nikiwa na grafu hiyo mkononi.

Imetelstat, ile dawa ya 2024, ni kipande kifupi cha nyukleotidi 13 kilichoundwa kwa kemia isiyooza haraka mwilini, na mkia wa mafuta wa kukisaidia kuingia ndani ya seli. Kinajishikiza kwenye kiolezo cha TERC, na telomerasi inakosa pa kusomea. Kabla ya kufanikiwa kwenye damu ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokwisha kupata tibakemikali. Haikurefusha kwa kiwango cha kuridhisha muda wa ugonjwa kukaa bila kusonga mbele, ingawa wale ambao uvimbe wao ulikuwa na telomea fupi walionyesha dalili ya kufaidika zaidi. Hilo ndilo hasa mfano wangu ungelitabiri. Nikishusha wastani wa mwanzo, mteremko wote unasogea kushoto.

Halafu kuna jaribio la watoto wenye uvimbe wa ubongo. Lilisimamishwa baada ya watoto wawili kufariki kwa damu kuvuja ndani ya uvimbe. Dawa hii hupunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Nimelikumbuka kila nilipofungua faili wiki hii. Mfano wangu hauna mishipa ya damu wala mtoto, na namba ninazoziandika hapa kwa utulivu zina watu upande wa pili.

Jaribio lililofanikiwa lilikuwa la watu 178 wenye mielodisplasia ya hatari ndogo, ugonjwa ambao uboho hutengeneza seli za damu zisizokomaa vizuri, na mgonjwa huishi kwa kuongezewa damu mara kwa mara. Waliopata imetelstat, asilimia 39.8 walikaa angalau wiki nane bila kuhitaji kuongezewa damu. Waliopata dawa bandia, asilimia 15. Kwa wiki 24, ilikuwa asilimia 28 dhidi ya 3.3.

Kwa nini hapo na si kwenye mapafu? Nina maelezo yangu, na nayashikilia kwa sababu yanaendana na grafu. Ugonjwa huo wa hatari ndogo unakwenda polepole, kwa hiyo kuna muda wa kusubiri. Seli zake zina telomea fupi na telomerasi iliyopanda, kwa hiyo akiba ni ndogo. Na kipimo cha mafanikio hakikuwa ukubwa wa kitu chochote: kilikuwa mgonjwa anahitaji damu au hahitaji. Hakuna aliyeiondoa dawa mzunguko wa 4 kwa sababu ya picha.

Wiki ya 7

Mbona dawa yangu ni kamilifu? Swali la dada yule tena. Ana haki. Nimejenga dawa pungufu, inayozuia asilimia 90.

Hapa ilibidi nihesabu molekuli. Utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria takriban telomerasi 240 kamili katika seli moja ya HeLa, aina ya seli za saratani zinazofugwa maabara. Kromosomu 46 za seli ya mfano wangu zikishanakiliwa kabla ya kugawanyika, ncha zinakuwa 184. Mashine 240, ncha 184. Nilikaa nikiitazama namba hiyo muda mrefu, kwa sababu katika biolojia tumezoea kusikia protini maelfu kwa maelfu, na hapa karibu kila ncha ina fundi wake mmoja na wachache wa akiba. Ukizuia asilimia 90 wanabaki 24 kwa ncha 184, sawa na asilimia 13.

Je, hao 24 wanakwenda wapi? Nimejaribu njia mbili.

Wakichagua ncha kwa bahati nasibu, hawasaidii sana. Nusu ya nasaba zinakufa kufikia mzunguko wa 23 badala ya 21.

Wakienda kwenye ncha zilizo fupi kuliko zote na kuzishikilia zisishuke zaidi, hali inageuka. Nusu-kifo inasogea hadi mzunguko wa 40. Uvimbe unafika zaidi ya mara 800 ya ulivyoanza kabla ya kuanza kupungua. Asilimia 10 tu ya telomerasi imezidisha uhai wa seli karibu maradufu, kwa sababu haikugawanywa sawasawa. Ilipelekwa penye njaa.

Na ushahidi wa maabara unaelekea upande huu wa pili. Seli za kawaida zilizopewa telomerasi kidogo sana, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, ziliendelea kuishi zikiwa na telomea za wastani fupi kuliko zile za seli wenzao zilizokwisha kuzeeka na kusimama. Kidogo kile kilikuwa kimekwenda kuziokoa ncha zilizokaribia kufichuka.

Mpangilio huu una mitambo yake. Telomea imevikwa protini sita zinazoitwa kwa pamoja shelterini: TRF1, TRF2, TIN2, RAP1, TPP1 na POT1. Zinaficha ncha isionekane kama jeraha, lakini TPP1 ina kipande kidogo usoni mwake kinachoikamata telomerasi na kuileta. Mlinzi wa mlango ndiye pia anayemwita fundi. Telomea ndefu ina shelterini nyingi na hujifunga zaidi. Fupi hubaki wazi zaidi. Kwa hiyo udhibiti hauishii kwenye idadi ya telomerasi. Upo pia kwenye nani anaruhusiwa kufika wapi, na hilo sikulitia maanani nilipoanza.

Kuanzia leo namba ya kuzuia haiandikwi tena kama "imezuiwa" au "haijazuiwa". Nitaandika zimebaki ngapi.

Wiki ya 8

Sehemu ya swichi ya jeni. Nilidhani itachukua siku mbili, imechukua saba, na sijutii.

Mwaka 2013 makundi mawili yalitangaza kwa wakati mmoja jambo ambalo watu walikuwa wamelipita kwa miaka mingi kwa sababu walikuwa wakisoma sehemu za jeni zinazoandika protini tu. Katika melanoma, aina ya saratani ya ngozi, takriban 7 kati ya 10, palikuwa na badiliko la herufi moja kwenye promota ya TERT, eneo linaloamua jeni isomwe au isisomwe. Liko ama herufi ya 124 ama ya 146 kabla ya mwanzo wa maagizo ya protini. C inageuka T. Basi. Herufi hiyo moja inatengeneza kituo kipya ambapo protini za familia ya ETS zinaweza kutua. Baadaye ikaonekana kwamba anayetua hapo ni GABP, na kwamba anaichagua promota iliyobadilika huku akiiacha ile ya kawaida. Mabadiliko haya hayo yamejaa pia kwenye glioblastoma (saratani ya ubongo), saratani ya kibofu na ya ini.

Hili linanifurahisha kuliko chochote nilichosoma tangu nianze. Tatizo la kuzuia telomerasi moja kwa moja ni kwamba seli shina za uboho, zile zinazozaa seli za damu, nazo zinaihitaji. Watu waliozaliwa na kasoro katika jeni zake wanaweza kupata diskeratosisi ya kuzaliwa, na wengi wao uboho wao hushindwa kazi. Lakini seli shina haina C iliyogeuka T. Ukiweza kuondoa mguu ambao GABP anausimamia kwenye promota ile, unaizima TERT ya saratani na kuiacha ya mwili. Mwaka 2018 kazi kwenye seli za glioblastoma ilionyesha njia hiyo: kuondoa kipande kimoja cha GABP, kiitwacho GABPB1L, kulishusha TERT na telomea zikaanza kufupika, katika seli zenye badiliko tu.

Ndani ya mfano nimeweka seli za aina mbili sasa, saratani na seli shina za damu. Seli shina inagawanyika mara chache sana, basi katika mizunguko 40 ya saratani nimeiruhusu migawanyiko mitatu. Inapoteza jozi 180. Ukiitazama grafu hiyo utasema hakuna haja ya kujisumbua na promota, seli shina iko salama hata kwa dawa isiyochagua. Nilikaribia kuandika hivyo. Lakini wagonjwa waliopewa imetelstat walipungukiwa chembe nyeupe na chembe sahani, wengi wao kwa kiwango kikubwa, na mapema, muda ambao hautoshi kabisa kwa telomea kufupika hadi kikomo. Kwa hiyo kuna njia nyingine ambayo dawa inagusa damu, nje ya hesabu yangu. Grafu ya seli shina nimeitoa kwenye faili kuu. Haidanganyi kihesabu, ila ingemdanganya msomaji.

Wiki ya 9

Mambo mawili, moja kwa haraka.

La haraka: takriban saratani 10 hadi 15 kati ya 100 hazitumii telomerasi kabisa. Zinarefusha ncha kwa kunakili telomea moja kutoka kwa nyingine, njia iitwayo ALT, mara nyingi pale jeni za ATRX au DAXX zinapoharibika. Dawa zote za shajara hii hazizigusi. Nimeweka kigezo cha seli kuhamia ALT katikati ya matibabu, na uvimbe unaokua mara 21 kabla ya kupungua unampa mhamaji nafasi nyingi mno. Sijakipa thamani ya kudumu.

La pili lahitaji nafasi. Kusubiri ndiko kunakoua mpango wote, basi je, lazima tusubiri? Kuna molekuli iitwayo 6-thio-dG. Lengo lake si kuifunga telomerasi, bali kuitumia. Inafanana na herufi G, telomerasi inaichukua na kuishonea kwenye ncha, na G ile yenye kasoro inaharibu telomea kutoka ndani hata kama bado ni ndefu. Urefu wa akiba hauna maana tena. Seli yenye telomerasi nyingi ndiyo inayoumia zaidi, isiyo nayo inapata madhara kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipoiingiza kwa kanuni rahisi, kwamba kila ncha inayorefushwa ina uwezekano mdogo wa kufichuka, mteremko uliokuwa ukianza mzunguko wa 10 ulianza wa 1. Sitaandika namba zake, kwa sababu uwezekano huo nimeuchagua mwenyewe bila kipimo cha kuusimamia, lakini umbo la grafu halitegemei namba: hakuna kilima.

Wiki ya 10

Jaribio la mwisho la awamu hii ni lile nililoliahirisha tangu wiki ya 5. Tibakemikali kwanza, kisha kuzima telomerasi.

Nimeipunguza bilioni moja kuwa milioni kumi, yaani asilimia 99 zimeuawa, ndipo nikazima. Kilima kipo kama kawaida, mara 21. Lakini mara 21 ya milioni kumi ni milioni 210. Uvimbe haufiki hata robo ya ukubwa aliokuja nao mgonjwa. Kilele kinapita chini ya kiwango cha mwanzo, na mzunguko wa 34 unarudi milioni kumi, ukishuka. Dawa ni ile ile, seli ni zile zile. Kilichobadilika ni siku ya kuanza.

Kisha nikaweka kanuni ya RECIST ndani ya programu yenyewe, ipime uvimbe kila mzunguko na kuikata dawa ujazo ukizidi mara 1.73 ya ule mdogo uliopata kupimwa. Katika mpango huu mzuri, uliokuwa ukielekea kuponya, programu iliikata dawa mzunguko wa 4. Nilidhani kuna kosa kwenye msimbo, nikausoma mstari kwa mstari. Hakuna kosa. Kanuni inapima kutoka sehemu ya chini kabisa uvimbe uliyofika, na sehemu hiyo ilikuwa siku tibakemikali ilipoisha.

Dada yule alipoiona aliandika: "Sasa kaka, kwa mgonjwa aliyekaa mbele yako utafanyaje? Utamwambia avumilie?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Ninalo nusu sasa, na ndiyo kazi ya awamu ijayo: badala ya kupima ukubwa, kupima urefu wa ncha fupi kuliko zote katika sampuli ya uvimbe au damu, kwa mbinu zinazosoma ncha moja moja na si wastani. Kama ncha hizo zinashuka jozi 60 kwa mzunguko, dawa inafanya kazi hata picha inaposema vingine. Kama hazishuki, dawa ikatwe upesi na mgonjwa asipewe madhara ya bure. Nimefungua faili jipya na kuandika ndani yake mstari mmoja tu kwa leo, hali ya seli ya kawaida ya mfano pale programu ilipoikata dawa: mzunguko wa 4, zimetumika jozi 240 kati ya 1,170.